Nyumba ya Magurudumu

Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi



Mwajua ya kuwa sisi wawili tulipelekwa Uingereza na idara zetu mwezi wa Agosti 2024, kwa mafunzo ya miezi minne katika mji wa Sheffield, na ya kuwa taarifa ya mafunzo hayo tumekwisha kuiandika na kuitia katika jalada lake, ambamo bila shaka imelala usingizi mwema. Katibu wetu alipotutaka tuseme neno mbele yenu, alitupa ruhusa ya kuchagua. Basi tumeonelea tusiseme habari za darasani, bali habari za siku zile mbili za mwisho wa juma, maana ndizo zilizotufunza jambo ambalo halikuwamo katika orodha ya masomo, nalo lamhusu kila mtu ashikaye kalamu ya Serikali.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya bwana mmoja na mkewe. Bwana huyo alikuwa karani wa halmashauri muda wa miaka 38, kisha akastaafu. Sisi tulimwita Mzee, na mkewe tulimwita Mama, nao walipokwisha kuelezwa maana ya heshima hiyo walipendezwa sana. Kiinua mgongo chake Mzee hakukijengea nyumba, maana nyumba alikuwa nayo. Alinunua motokaa iliyo na nyumba ndani yake, na kila Ijumaa ya pili, hali ya hewa ikikubali, yeye na Mama hutoka mjini kwenda shamba, wakarudi Jumapili jioni. Mara nne walituchukua pamoja nao.

Kwanza tueleze chombo chenyewe, kwa kuwa wengi wenu hamjakiona. Kwa nje ni kama lori dogo jeupe lenye madirisha na mapazia. Kwa ndani mna kitanda cha wenyewe, ambacho mchana hugeuka kuwa viti na meza. Mna jiko la gesi la mafiga mawili, beseni la kuoshea vyombo, kabati la nguo, na choo chembamba ambacho mtu mnene huingia kinyumenyume. Sisi tulilala katika kitanda kilicho juu ya kichwa cha dereva, mahali ambapo mtu hawezi kuketi akinyoosha mgongo. Chini ya sakafu pana tangi mbili, moja ya maji safi, nyingine ya kupokea maji yaliyokwisha tumika. Pana betri ya pili, mbali na ile ya kuwashia mashine, kwa ajili ya taa za nyumbani. Ikiisha nguvu usiku, motokaa itawaka asubuhi vilevile. Na mtungi wa gesi haukosi. Mzee alitufundisha ya kuwa gesi iitwayo butani hukataa kugeuka mvuke baridi ikifika kiasi cha nyuzi sifuri, bali propani hufanya kazi hata katika baridi iliyo kali mno kuliko hiyo. Kwa hiyo mtu asiyejua tofauti ya mitungi hii miwili ataamka alfajiri ya majira ya baridi akose chai.

Tena mambo ya nyumba hii yote ni hesabu. Mtu wa Uingereza aliyefaulu mtihani wa udereva wa motokaa za kawaida tangu tarehe 1 Januari 1997 huruhusiwa kwa leseni hiyo kuendesha gari lisilozidi kilo 3,500 pamoja na mzigo wake wote. Aliyefaulu kabla ya siku hiyo alipewa ruhusa mpaka kilo 7,500. Mzee alichagua gari la kilo 3,500 ili hata watoto wake waweze kuliendesha. Basi kila kitu kiingiacho humo hupimwa. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi lake lachukua lita 100, yaani uzito wa mtu wa kimo na wa mwili. Siku ya safari yetu ya kwanza alituomba radhi, akaleta mizani ya chumba cha kuogea, akatupima mmoja mmoja, akaandika katika daftari, kisha akamwaga nusu ya maji. Hatukuona haya. Tulimtambua ya kuwa ni karani mwenzetu.

Tuliondoka Sheffield saa kumi na moja ya jioni siku ya Ijumaa, mwezi wa Septemba. Mji ule una bahati ambayo miji mingi mikubwa haina, maana ukishika njia ya magharibi nyumba hukatika ghafula, ukajiona juu ya uwanda wenye upepo, wenye majani mafupi na vichaka vya maua ya zambarau, na mbele yako bonde. Hapo ndipo palipo Hifadhi ya Taifa ya Peak District, iliyowekwa mwaka 1951, ikiwa ya kwanza ya namna hiyo katika Uingereza nzima. Msidhani ya kuwa ni hifadhi ya wanyama wakali kama zetu, ambamo watu hawakai. Ndani yake mna vijiji, makanisa, mashamba, na kondoo wengi kupita watu. Na sehemu kubwa ya ardhi yake ni mali ya watu na vyama, si ya Serikali. Tuliteremka Hathersage, tukapita Hope, tukafika karibu na Castleton jua likichwa.

Njia za huko ni nyembamba, nazo zimebanwa pande mbili kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa. Nyumba ya magurudumu ikikutana na trekta mahali hapo, mmoja hana budi kurudi nyuma mpaka penye nafasi ya kupishana. Mama alishuka akatembea nyuma ya gari akiashiria kwa mkono, Mzee akarudi nyuma taratibu, na mwenye trekta akangoja bila kupiga honi. Walipopishana kila mmoja aliinua kidole kimoja kutoka usukani. Ndiyo salamu yao, na asiyeiitikia huhesabiwa mshenzi.

Mahali tulipolala palikuwa kiwanja cha majani nyuma ya nyumba ya mkulima. Palikuwa na bomba la maji, shimo la kumwagia taka za choo, na nafasi ya magari matano. Tuliuliza kwa nini matano, wala si sita, na kiwanja ni kikubwa. Mzee akafurahi kuulizwa. Alitueleza ya kuwa mwaka 1960 Bunge lilipitisha sheria ya viwanja vya karavani, ikaamuru ya kwamba mtu asiweke karavani katika ardhi yake kwa makazi ya watu bila leseni ya halmashauri. Walakini sheria hiyo ikaacha milango midogo. Mmoja wa milango hiyo ni huu: chama cha wasafiri kilichopewa cheti cha Serikali chaweza kumkubalia mkulima kupokea magari ya wanachama wake, mradi yasizidi matano kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mkulima mwenye kiwanja kidogo hupata fedha kidogo, na karani mstaafu hupata pa kulala pasipo kelele. Chama alichokuwamo Mzee kiliundwa mwaka 1907, na wakati huo karavani zilikuwa zikivutwa na farasi.

Na asili ya mchezo huu ni ya kuchekesha. Mwaka 1885 daktari mmoja mstaafu wa jeshi la majini, William Gordon Stables, aliagiza kiwanda cha Bristol kimtengenezee nyumba ya magurudumu kwa ajili ya anasa tu. Akaiita Wanderer, akafunga farasi wawili, akasafiri kutoka kusini ya Uingereza mpaka Inverness katika Scotland, huku mtumishi wake akitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuangalia njia. Watu walishangaa kumwona bwana mkubwa akilala ndani ya gari. Maana kabla yake waliojulikana kulala ndani ya magari walikuwa watu wa namna nyingine kabisa, nao tutakuja kuwataja.

Asubuhi ya Jumamosi tulitembea kwa miguu. Karibu na Castleton pana mlima uitwao Mam Tor, ambao ubavu wake mmoja huporomoka daima. Barabara kubwa ilipita chini yake, ikatengenezwa mara nyingi, mpaka mwaka 1979 wakubwa wakakubali ya kuwa mlima umeshinda, wakaifunga kwa magari. Lami yake ingali inaonekana, imekatika vipande na kuinamiana kama mikate iliyoanguka. Magari siku hizi hupanda kwa njia ya Winnats, iliyo kama ufa katikati ya majabali, na nyumba ya magurudumu hupanda hapo ikihema.

Kutoka kilele cha Mam Tor tuliona ng'ambo ya bonde la Edale mlima mpana uitwao Kinder Scout. Mzee alivua kofia. Tulidhani amekumbuka marehemu wake, kumbe alikuwa anakumbuka makarani na mafundi. Akatuhadithia, nasi tumehakikisha habari hizi vitabuni. Zamani uwanda wote ule ulikuwa umefungwa, kwa kuwa mabwana wenye ardhi waliutunza kwa kuwinda ndege wa mfano wa kwale siku chache tu za mwaka. Watu wa viwanda vya Manchester na Sheffield, waliokuwa wakivuta moshi siku sita, siku ya saba walikuwa wakiutazama mlima kutoka barabarani. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana mia kadha walipanda kwa makusudi pasipo ruhusa, wakapambana na walinzi. Kiongozi mmoja wao, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20. Watano walifungwa, kifungo cha miezi miwili mpaka sita, na Rothman alipata minne. Wala hawakufungwa kwa kuingia katika ardhi ya mtu, maana peke yake jambo hilo halikuwa kosa la jinai. Walifungwa kwa fujo.

Miaka 17 baadaye, mwaka 1949, Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na ya kuingia mashamba. Sikilizeni jinsi ilivyotendwa, maana hapa ndipo kazi yetu inapoingia. Sheria hiyo iliziagiza halmashauri kuichunguza kila njia ya miguu itumiwayo na watu, na kuichora katika ramani maalumu. Njia ikiisha kuchorwa katika ramani hiyo, ramani yenyewe ni ushahidi wake mbele ya hakimu, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuifunga. Makarani wakatoka na daftari, wakauliza wazee wa vijiji, wakahesabu malango, wakarudi mezani, wakachora. Njia hizo katika England na Wales zapata kadiri ya maili 140,000. Mwaka 2000 sheria nyingine ikafungua nyanda zilizo wazi, watu watembee hata nje ya njia. Sisi wageni wawili tulipita katikati ya shamba la mtu, tukafungua lango lake na kulifunga nyuma yetu, na mwenyewe akatuamkia. Aliyetupa haki hiyo ni vijana waliofungwa, na karani aliyechora mstari.

Na hata siku yenyewe ya kutembea haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1850 sheria ya viwanda iliamuru wanawake na vijana wa viwanda vya nguo waachiliwe saa nane ya mchana siku ya Jumamosi. Mwaka 1871 sheria ya Sir John Lubbock ilifunga mabenki siku nne zaidi za mwaka, na makarani wa benki wakawa wa kwanza kufaidi. Mwaka 1934 kiwanda cha Boots katika Nottingham kiliwapa watu wake Jumamosi nzima pasipo kupunguza mshahara. Mwaka 1938 ikaja sheria ya likizo yenye malipo. Basi mtu alalaye mpaka saa tatu asubuhi siku ya Jumamosi na aseme ahsante kwa waliomtangulia, kisha alale tena.

Mabwana na mabibi, kama tungeishia hapa, mngekwenda nyumbani na hadithi njema. Walakini ilikuwako safari ya tatu.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba. Jumamosi mchana, tukikaribia mji mmoja mdogo, tuliona karavani tatu zimesimama kwenye ukingo wa majani kando ya barabara. Mbele ya moja wapo mwanamke alikuwa akianika nguo, na watoto wawili wakicheza na mbwa. Kioo cha kila karavani kilikuwa kimebandikwa karatasi nyeupe. Mama alitazama upande wa pili. Mzee hakusema neno, naye hakuwa mtu wa kunyamaza.

Jioni tulifika mahali tulipokusudia kulala, tukakuta pamejaa, kwa kuwa palikuwa na maonyesho ya kijijini na barua yetu ya kuomba nafasi ilikuwa imechelewa. Tukajaribu pengine, pamejaa. Giza likaingia na mvua ikaanza. Mwisho Mzee aliweka motokaa katika uwanja wa kuwekea magari ulio kando ya njia ya watembeao kwa miguu, ijapokuwa palikuwa na ubao uliosema wazi ya kwamba kulala hapo ni marufuku. Maana yawapasa mjue ya kuwa haki ya kutembea Uingereza si haki ya kulala. Hata hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 21 Mei 2025, iliyothibitisha ruhusa ya kulala hemani katika nyanda za Dartmoor, haikumpa kitu mwenye kulala ndani ya motokaa.

Saa tano ya usiku mlango uligongwa. Alikuwa mlinzi, mwenye koti la mvua na taa. Sisi kitandani juu tulijikunja, tukifikiri pasi zetu za kusafiria na majina yetu katika daftari la polisi. Mzee alifungua, akaeleza. Mlinzi akamulika ndani, akamwona Mama na shali yake, akaona vikombe, akatuona sisi. Kisha akasema kwa adabu: "Laleni tu, bwana. Ila muwe mmekwenda kabla ya saa mbili." Akatutakia usiku mwema.

Tulifurahi, tukaanza kumsifu mlinzi. Mzee alikuwa ameketi kitako mezani, mikono yake juu ya meza kama mtu angojaye kuhojiwa. Akasema: "Mliziona zile karatasi mchana? Mimi niliziandika."

Hakuwa ameandika zile hasa. Alitueleza ya kuwa alipoanza kazi, kijana wa miaka 20, dawati lake lilikuwa la barabara na viwanja, na moja ya kazi zake ilikuwa kupiga chapa barua za kuwaondoa wenye karavani kandokando ya barabara. Ilikuwako barua moja ya mfano. Yeye alijaza tarehe na jina la mahali, akapeleka kwa bwana mkubwa kutiwa sahihi. Hakumbuki alipiga ngapi. Mara moja alitumwa kuzipeleka mwenyewe kwa kuwa tarishi alikuwa mgonjwa. Mzee mmoja wa karavani aliipokea, akaigeuza upande wa pili, akamwuliza: "Imeandika niende wapi?" Yeye akajibu ya kuwa haikuandika. Yule akasema: "Basi rudi nayo, haijaisha."

"Miaka 38," Mzee akatuambia, "na kila barua yangu ilisema ondoka. Hakuna hata moja iliyosema nenda wapi. Usiku wa leo nimevunja sheria ile ile, na nimetakiwa usiku mwema."

Tuliporudi mjini tuliitafuta sheria hiyo katika maktaba, na tuliyoyapata ni haya. Waroma, ambao Waingereza waliwaita Wajipsi kwa kuwadhania ni watu wa Misri, wamo katika nchi ile tangu zaidi ya miaka 500. Sheria ya mwaka 1530 iliwaamuru watoke katika nchi kwa muda wa siku 16. Hawakutoka. Sheria ya barabara ya mwaka 1959 iliandika ya kuwa ni kosa kwa Mjipsi kupiga kambi kando ya barabara, ikamtaja kwa jina. Mtu mwingine aliyefanya vivyo hivyo, ila mchuuzi na mfanyabiashara wa kuzungukazunguka, hakutajwa. Sheria ile ya mwaka 1960 tuliyowasifia kwa mlango wake wa magari matano, ndiyo iliyowafungia hawa mashamba mengi waliyozoea kukaa, maana mkulima aliyewapokea aliogopa kushitakiwa kwa kukosa leseni. Mwaka 1968 Bunge liliona haya, likaziagiza halmashauri kuwatengenezea viwanja. Mwaka 1994 agizo hilo likafutwa. Mwaka 2022 sheria mpya ikafanya kuwa jinai, yenye kifungo kisichozidi miezi mitatu, kukaa na gari katika ardhi ya mtu pasipo ruhusa, ikiwa kumetokea au kwaelekea kutokea uharibifu au usumbufu mkubwa, na mtu amekataa kuondoka alipoambiwa. Na gari laweza kuchukuliwa. Sheria hiyo hiyo ilirefusha muda wa kukatazwa kurudi mahali kutoka miezi mitatu hadi 12, na mwezi wa Mei 2024 Mahakama Kuu ikatamka ya kwamba urefushaji huo haupatani na haki za binadamu.

Basi tazameni. Gari ni moja, ni nyumba juu ya magurudumu manne. Maji machafu ni yale yale, mbwa ni yule yule, na chai ni ile ile. Mmoja ana nyumba nyingine mjini, naye huitwa msafiri wa mapumziko. Mwenziwe hana nyingine, naye huitwa msumbufu. Mwenye nyumba mbili hufunguliwa lango. Mwenye moja hubandikwa karatasi. Wala hatusemi ya kuwa wenye mashamba hawana haki, au kwamba hakuna kambi inayoacha uchafu. Tuliambiwa malalamiko hayo pia, na mengine ni ya kweli. Lakini mlinzi wa usiku ule hakutuuliza uchafu wetu. Alimulika akaona Mama na shali na vikombe, akatosheka.

Asubuhi ya Jumapili tuliondoka saa moja. Mzee alipita na mfuko akiokota takataka za uwanja mzima, hata zile zisizo zetu. Maji machafu hayakumwagwa hapo, yalichukuliwa mpaka mahali palipowekwa. Tulipopita penye ukingo ule wa majani, karavani tatu hazikuwapo. Majani yalikuwa yamelala mahali magurudumu yalipokaa, na kamba ya nguo ilisahauliwa kwenye mti. Mzee alisimamisha motokaa, akashuka, akaikunja kamba, akaitundika vizuri juu ya lango, labda wenyewe watairudia. Kisha tukaenda zetu Sheffield.

Wanachama wenzetu, hatukuja kuwaambia mambo ya Waingereza ili tuwacheke. Wahenga walisema: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Sisi nasi tu makarani, nasi tuna barua zetu za mfano. Zimo katika kila afisi: ya kumwondoa mchuuzi kando ya barabara, ya kumhamisha aliyejenga katika hifadhi ya reli, ya kumfungia mama lishe kibanda chake. Mara nyingi amri ni ya haki, na barabara haina budi kupita. Tena hatuna uwezo wa kuitengua. Sahihi si yetu. Lakini anayejaza tarehe na jina la mahali ni sisi, na bwana mkubwa hutia sahihi alichowekewa mezani.

Kwa hiyo tuna ombi moja dogo, nalo tumeliandika ili Bwana Katibu alitie katika shughuli za mkutano ujao. Kila mwanachama ambaye barua za namna hiyo zapita mezani pake, na amwulize mkubwa wake kwa adabu, kabla ya kupiga chapa, neno hili: aende wapi? Ikiwa mahali pako, paandikwe katika barua, pamoja na siku na jina la mtu wa kumwona. Ikiwa hapako, basi na iandikwe katika jalada ya kuwa karani aliuliza, na ya kuwa hapakupatikana. Mstari huo hautamzuia mtu kuondolewa. Lakini jalada hukaa kuliko mwenye kuliandika, na siku moja atakuja mtu kulisoma, kama sisi tulivyosoma yale ya 1959.

Na mapumziko msiyadharau. Nyumba ya magurudumu hatuna, na wengi wetu hatutakuwa nayo. Ila Jumamosi tunayo. Tokeni nje ya mji, mkatembee pamoja na watoto, mkafunge kila lango mlilolifungua. Mzee alitupa daftari lake la uzito siku ya kuagana, kwa kuwa limejaa. Katika ukurasa wa mwisho, chini ya hesabu ya maji na gesi na uzito wetu sisi wawili, aliandika neno moja kwa kalamu ya risasi: kamba. Hakuandika kilo zake.